Pasipoti ni Yetu, Viza ni Yao

Likizo inapokaribia, hupata wageni wasiokuja kuniuliza alama za watoto wao. Huingia na bahasha ya kaki kwapani, hunisalimu kwa kirefu kama ilivyo desturi ya Waganda, kisha huzitoa karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani: kitambulisho cha taifa, pasipoti mpya ambayo bado haijagongwa muhuri wowote, barua ya mwaliko kutoka kwa mtoto au ndugu aliyeko ng'ambo. Ndipo husema: "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Nisaidie kuomba viza."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Masaka, na fomu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini machoni pa jirani, mtu wa lugha ni mtu wa lugha. Kwa miaka kadhaa sasa nimekaa na wakulima, mafundi, wauguzi na walimu wenzangu, tukijaza maombi ya viza ya matembezi bila malipo zaidi ya mkungu wa ndizi unaoletwa mlangoni baadaye. Nimeona niyaandike niliyojifunza, kwa sababu naamini kwamba suala la viza ni suala la uraia kabla ya kuwa suala la safari. Anayeomba viza hukutana na dola mbili kwa wakati mmoja, yake na ya wengine, na asiyejua mipaka ya kila moja hudanganywa na wanaoishi katikati yake.

Haki na ruhusa

Jambo la kwanza ninalomweleza mgeni wangu ni tofauti kati ya vitabu viwili ambavyo watu wengi huviita kwa jina moja la "karatasi za kwenda nje".

Pasipoti ni haki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inasema kwamba kila Mganda ana haki ya kwenda popote ndani ya nchi, kuingia nchini, kutoka na kurejea, na kupewa pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Kwa hiyo ofisa wa uhamiaji anayekukabidhi pasipoti hakufanyii hisani; anatimiza wajibu wake kwako. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, nayo hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Mtu akikuomba cha juu pasipo risiti, hiyo ni rushwa hata akiita soda.

Viza siyo haki. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 13, linampa kila mtu haki ya kuondoka katika nchi yoyote, ikiwemo yake mwenyewe, na haki ya kurejea nchini mwake. Someni ibara hiyo polepole na mtaona kilichoachwa: hakuna mahali inaposema kwamba mtu ana haki ya kuingia katika nchi ya wengine. Mlango wa kutoka umefunguliwa na sheria. Mlango wa kuingia umebaki mikononi mwa mwenye nyumba. Viza ni jibu la mwenye nyumba baada ya hodi.

Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kwamba katika Kiswahili neno viza lilikuwapo kabla ya balozi. Mayai viza ni yale ambayo kuku ameyaatamia siku zote ishirini na moja lakini hayakuangua. Neno la pasipoti limetoka mbali, katika Kilatini, likiwa na maana ya kitu kilichoonwa, yaani karatasi iliyokaguliwa. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote, ila waliowahi kungoja majibu ya ubalozi hudhani yanao.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea urahisi fulani unaotufanya tusitambue uzito wa hodi hiyo. Tangu mwaka 2014 Mganda anaweza kwenda Kenya au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa tu. Anayekwenda Kisumu kumwona dada yake hapeleki taarifa ya benki kwa yeyote. Kwa hiyo, mtu anapofika umri wa miaka sitini na kuulizwa kwa mara ya kwanza athibitishe kwamba atarudi nyumbani kwake mwenyewe, swali hilo humchoma. Mzee mmoja aliniuliza: "Wanadhani nitaiacha nyumba yangu?" Nilimjibu kwamba hawamjui kiasi cha kudhani lolote, na kwamba kazi yetu ni kuwajulisha.

Fomu ni insha

Nitaeleza yaliyosalia kwa kumfuata mtu mmoja, mama mkulima ambaye kijiji kizima humwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Ameniruhusu nisimulie mradi jina lake la karatasini nisilitaje.

Binti yake ni muuguzi nchini Uholanzi. Alipokuwa na mimba ya kwanza alimwalika mama yake aende kumsaidia. Nalongo aliuza gunia kadhaa za kahawa, akachuma na kukausha majani ambayo Waganda humwogeshea mtoto mchanga, yale yaitwayo ekyogero, na akampa dalali mmoja wa mjini kazi ya kumwombea viza. Ombi lilikataliwa. Mtoto alizaliwa bibi yake akiwa Masaka, na majani yakabaki juu ya dari ya jikoni.

Alikuja kwangu takriban mwaka mmoja baadaye, na barua ya kukataliwa ikiwa ndani ya bahasha. Nilimuuliza barua inasemaje. Akasema: "Dalali aliniambia wamekataa kwa sababu nina umri mkubwa." Nilimsomea. Umri haukutajwa popote. Barua ya kukataliwa viza ya Schengen ni fomu maalumu yenye orodha ya sababu, na ofisa huweka alama kwenye zile zinazohusika. Kwake zilikuwa mbili: kwamba maelezo kuhusu madhumuni na mazingira ya safari hayakuaminika, na kwamba kulikuwa na shaka ya msingi iwapo angeondoka kabla ya viza kwisha. Chini yake kulikuwa na maelezo ya namna ya kupinga uamuzi huo, na Uholanzi humpa mwombaji wiki nne za kufanya hivyo. Muda huo ulikuwa umepita zamani. Mama yule alikuwa ameibeba haki yake ya kujitetea ndani ya mkoba kwa mwaka mzima bila kujua kwamba anayo.

Nilimweleza kwamba kukataliwa si kupigwa marufuku. Sheria haimzuii mtu kuomba upya, maadamu ana jambo jipya la kusema au ana njia bora ya kusema lile la zamani. Tukaanza.

Nchi zilizomo katika Schengen, eneo lililopewa jina la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba ulitiwa saini mwaka 1985, sasa ni 29. Viza moja huruhusu kutembea katika zote kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo mgeni atakaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, hupelekwa kwa ile atakayoingia kwanza. Huweza kupelekwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na juu yake kuna malipo ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Fedha hizo hazirudishwi ukikataliwa. Tiketi ya ndege isinunuliwe mapema. Nafasi iliyoshikwa tu inatosha.

Hayo ni masharti, na masharti hutimizwa kwa kufuata orodha. Kazi ngumu ni nyingine. Huwaambia wageni wangu kwamba fomu ya viza ni insha, na kila swali ni aya. Insha nzuri ni ile ambayo aya zake hazigombani. Ukiandika kwamba utakaa siku thelathini, barua ya mwaliko isiseme miezi miwili, bima isiishe siku ya ishirini, na tiketi isioneshe siku arobaini. Uamuzi wa viza ya Uholanzi hufanywa mjini The Hague na watu ambao hawatakuona kamwe. Hawajui namna unavyocheka wala namna majirani wanavyokuheshimu. Karatasi ndizo uso wako, na uso usiwe na macho mawili yanayotazama pande tofauti.

Jina la mama, jina la binti

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Maafisa wa nchi za Ulaya wamezoea kwamba mama na mtoto, au angalau baba na mtoto, huwa na jina moja la familia. Kwa Waganda sivyo. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake na hupewa jina miongoni mwa majina ya ukoo huo. Wala mtu haoi au haolewi ndani ya ukoo wake mwenyewe. Kwa hiyo jina la ukoo la mama hutofautiana na la mwanawe kwa kanuni, si kwa bahati. Hata ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti kabisa. Jambo ambalo kwetu ni ushahidi wa ndoa halali, mezani pa mgeni huonekana kama watu wawili wasiojuana.

Zaidi ya hayo, katika karatasi moja ya zamani ya Nalongo, karani fulani alikuwa ameandika "Nalongo" kana kwamba ni jina, ilhali ni cheo ambacho mama hukipata kwa kuzaa mapacha. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa imekadiriwa, kama ilivyo kwa wazee wengi ambao hawakuzaliwa hospitalini, na mwaka wa kwenye kadi ya kanisa haukulingana na ule wa kitambulisho.

Hapo ndipo watu wengi hushawishika "kurekebisha" kwa kalamu. Tulichofanya ni hiki. Pasipoti na kitambulisho vilikuwa vinapatana, basi fomu ikafuata hivyo viwili, herufi kwa herufi. Karatasi ya zamani tuliielezea kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa cha binti, chenye jina la mama, kikawekwa juu. Na katika barua tukaandika mistari minne kuhusu koo za Waganda. Mistari minne tu. Ofisa hahitaji historia ya Buganda. Anahitaji kujua kwa nini majina mawili hayafanani.

Mali isiyo na risiti

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi: kuthibitisha kwamba mtu ana maisha ya kurejea.

Mwenye mshahara ana njia nyepesi. Hupeleka barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo na taarifa ya benki ambayo kila mwezi huonesha kiasi kilekile. Mkulima je? Kahawa huuzwa kwa msimu. Fedha huingia kwa mkupuo, kisha akaunti hukauka miezi kadhaa. Ndizi huliwa au huuzwa njiani kwa fedha taslimu. Kibanja kimenunuliwa kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kushuhudiwa na mwenyekiti wa LC1. Akiba iko katika SACCO. Mtu wa namna hiyo si maskini wala hana sababu ya kutoroka, lakini akitazamwa kupitia tundu la taarifa ya benki huonekana hana kitu.

Hapa ndipo dalali alipomharibia. Nilipoitazama taarifa ya benki iliyopelekwa katika ombi la kwanza, niliona akaunti iliyokuwa na laki chache ikapokea milioni thelathini siku tisa kabla ya ombi. Nalongo alieleza bila kuficha: dalali alimwambia zinawekwa "ili akaunti ipendeze", kisha zilitolewa. Huo ni mtindo wa kukodisha fedha, na madalali huutoza riba. Hawasemi kwamba ofisa yeyote aliyeona taarifa mia moja huitambua fedha ya kukodi mara moja, kama mwalimu anavyoitambua aya iliyonakiliwa katika insha ya mwanafunzi. Milioni zile hazikumfanya aonekane tajiri. Zilimfanya aonekane mwongo, na kuanzia hapo hata yale ya kweli aliyoyasema yakapoteza thamani.

Safari hii tulipeleka akaunti yake kama ilivyo, pamoja na maelezo. Tulikusanya risiti za mnunuzi wa kahawa ya kiboko kwa misimu iliyopita, na kila mkupuo ulioingia benki tukauonesha ulikotoka. Tukaweka kitabu cha SACCO, makubaliano ya kibanja na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Tukaweka risiti za ada za shule za wajukuu wawili anaowalea hapa nyumbani. Gharama za safari zilidhaminiwa na binti, ambaye alijaza fomu ya udhamini na malazi ya Uholanzi, akaitia saini mbele ya ofisa wa manispaa anakoishi na kuambatanisha uthibitisho wa mapato yake ya kazi.

Kisha nikamuuliza swali ambalo fomu haiulizi kwa maneno haya: "Nalongo, kwa nini utarudi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua huchwea. "Nibaki kule nifanye nini, mwanangu? Kahawa yangu itachumwa na nani? Na daftari la munno mukabi analo nani kama si mimi?"

Munno mukabi ni kikundi cha kusaidiana, hasa penye msiba. Wanachama huchanga, hununua masufuria na mahema, na mfiwa hapiki wala hachimbi kaburi peke yake. Nalongo ni mweka hazina wa kikundi hicho kwa muda mrefu. Katika ombi la kwanza jambo hilo halikutajwa hata kidogo, kwa kuwa dalali aliliona la kishamba. Mimi niliona ndilo jambo zito kuliko yote. Mtu anayeshika fedha za mazishi za kaya arobaini hawezi kupotea Ulaya. Kaya arobaini zitamtafuta. Tukapata barua ya mwenyekiti wa kikundi, yenye saini na mhuri, na tarehe ya mkutano wa hesabu ambao lazima aongoze. Tarehe hiyo ilikuwa siku sita baada ya siku aliyopanga kurejea.

Fomu ilipouliza kama alama zake za vidole ziliwahi kuchukuliwa kwa ajili ya viza ya Schengen, tukaandika ndiyo. Alikuwa na hofu: "Wakijua nilikataliwa, si watanikataa tena?" Nikamweleza kwamba wanajua tayari. Uamuzi wa kukataa huhifadhiwa katika mfumo wao wa pamoja kwa miaka mitano. Kulificha jambo ambalo msomaji analo mezani ni kumwonesha mahali pa kuanzia kukutilia shaka. Katika barua tukalieleza wenyewe: kwamba aliomba, kwamba mtu mwingine alimwandalia karatasi, kwamba fedha zile hazikuwa zake, na kwamba safari hii anaonesha zilizo zake. Kuandika sentensi hiyo kulimchukua siku mbili kukubali. Aliona ni kujianika. Mwishowe alisema: "Andika. Afadhali wanikatae mimi kuliko kumkatae mtu ambaye si mimi."

Bei ya uongo

Nataka nisimame hapa kidogo kwa ajili ya vijana wanaonisoma, maana wao ndio wateja wakubwa wa madalali.

Uongo katika ombi la viza si kosa dogo la kusamehewa kesho. Uingereza ikithibitisha kwamba mwombaji ametumia hati bandia au udanganyifu, maombi yake yajayo hukataliwa kwa miaka kumi. Marekani, sheria ya uhamiaji humfungia mlango kabisa anayepatikana na udanganyifu wa makusudi kuhusu jambo la msingi, na kuufungua tena ni kazi ngumu. Na katika yote hayo, aliyetia saini ndiye anayebeba. Dalali hana saini popote. Fomu inasema "mimi", na huyo mimi ni wewe.

Kijana mmoja fundi seremala alialikwa Marekani na rafiki aliyewahi kujitolea katika shule ya huku. Hakuwa na mke, hakuwa na kiwanja, alikuwa na karakana ya kukodi na mikono yenye ufundi. Mtu mmoja alimshauri ajiandikie mke na watoto wawili na kumwahidi cheti cha ndoa kwa laki tano. Alikuja kuniuliza kama inafaa. Tuliongea jioni nzima, naye akaamua kujieleza alivyo. Tukajaza fomu yao ya mtandaoni iitwayo DS-160, akalipa ada ya dola 185, akaenda Kampala kwa mahojiano.

Mahojiano yalichukua dakika chache. Alipewa karatasi yenye kutaja kifungu cha 214(b). Kifungu hicho cha sheria ya Marekani humchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba sivyo. Uamuzi huo hauna rufaa; aliyekataliwa anaweza tu kuomba tena na kulipa tena.

Aliporudi aliketi kibarazani pangu na kuuliza: "Mwalimu, nilisema kweli yote. Basi ukweli umenisaidia nini?"

Swali hilo halistahili jibu jepesi. Sikumwambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Nilimwambia kwamba sheria ile humtazama kijana asiye na mke wala ardhi kuwa mtu asiye na mizizi, na kwamba hilo si kipimo cha utu wake. Nilimwambia kuwa dola 185 ni fedha nyingi kwa seremala na ana haki ya kukasirika. Na nilimwambia kwamba amerudi na jina safi. Siku akiwa na karakana yake mwenyewe, na hesabu zinazoonekana, ataweza kurudi kwenye dirisha lile bila kulazimika kukumbuka majina ya watoto wasiokuwapo. Alinyamaza. Sijui kama aliridhika, na sikumtaka aridhike. Tunapofundisha uraia tusiwaahidi vijana kwamba ukweli hufungua kila mlango. Ukweli humlinda mtu mlango unapofungwa, basi; na hilo peke yake si dogo.

Jibu

Kituoni Kampala, mashine ilipata shida kusoma vidole vya Nalongo. Miaka mingi ya jembe ilikuwa imefuta mistari. Walijaribu mara nne. Baadaye aliniambia kwa kicheko kwamba hata vidole vyake vilikuwa vimethibitisha kuwa ni mkulima.

Sheria huwapa siku 15 za kuamua, na zinaweza kurefushwa hadi 45. Jibu lilikuja katika wiki ya tatu. Bahasha aliifungua mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimekataa kuifungua. Ndani ya pasipoti kulikuwa na stika.

Tukaisoma pamoja, maana kuna watu waliopata viza kisha wakaharibikiwa kwa kutoisoma. Stika ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni ina idadi ya siku za kukaa. Tarehe hizo mbili huwa na nafasi ya ziada ya siku kumi na tano ili ndege ikiahirishwa mtu asikwame. Siku zinazoruhusiwa ni zile zilizoandikwa, nazo huhesabiwa tangu siku ya kuingia, na siku ya kuondoka imo. Yake zilikuwa 30. Nilimwomba abebe mkononi nakala za mwaliko, bima na tiketi ya kurudi, kwa kuwa ofisa wa mpakani naye ana haki ya kuuliza. Viza humfikisha mtu mlangoni, na mlangoni huulizwa tena.

Alikaa siku 27. Mjukuu alikuwa ameanza kutambaa, na hakuhitaji tena maji ya majani. Nalongo alirejea, akakaa mbele ya wanachama wa kikundi na daftari lake, akasoma hesabu hadi shilingi ya mwisho. Kisha alinunua faili la plastiki, akaweka ndani yake nakala za kila karatasi tuliyopeleka, na sasa huwaazima majirani waone mpangilio, si waige maneno.

Kwa anayekusudia kuomba, basi, ninasisitiza machache. Soma masharti kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, na kama huwezi, mtafute mwalimu, mtoto wa sekondari au karani unayemwamini akusomee. Lipa ada ofisini na udai risiti. Usitie saini fomu ambayo hukusomewa yote kwa lugha unayoielewa. Weka nakala. Maisha yako yaandike jinsi yalivyo, hata yakiwa ya kahawa, ndizi na daftari la mazishi, kwa maana hayo ndiyo yanayokurudisha nyumbani. Na jibu likija, liwe zuri au baya, usimwachie mtu mwingine akuambie linasema nini. Lifungue mwenyewe, ulisome hadi mstari wa mwisho, kisha uhesabu siku ulizopewa za kulijibu.